David Lawrence, meya aliyeitoa sheria ya moshi kabatini

Saa sita mchana taa za barabarani zinawaka, na magari yanapita yakiwa yamewasha taa. Ndivyo jiji la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, lilivyokuwa siku za moshi mzito miaka ya 1940. Makarani walikwenda kazini na shati la akiba, kwani la asubuhi lilikuwa na masizi kwenye kola kabla ya chakula cha mchana. Viwanda vya chuma, garimoshi na majiko ya nyumbani, vyote vilikula makaa ya mawe.

Sheria ya kuzuia moshi ilipitishwa mwaka 1941, kisha vita ikaisogeza kando. Aliyeitoa kabatini ni David Lawrence, mtoto wa familia ya wafanyakazi aliyezaliwa 1889. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa karani wa wakili mmoja aliyekuwa kigogo wa chama cha Democratic. Siasa aliisomea hapo. Alipoapishwa umeya Januari 1946, watu walimjua kama fundi wa kukusanya kura.

Viwanda vilibanwa kuanzia Oktoba 1946, nyumba za watu mwaka uliofuata. Kwenye nyumba ndipo palipouma. Makaa yenye moshi mdogo yalikuwa ghali, na waliozoea yale rahisi ndio waliompa kura. Mwaka 1949 mjumbe wa baraza la jiji, Edward Leonard, alimkabili ndani ya chama kwa hoja hiyohiyo: mlalahoi ndiye anayelipishwa. Lawrence akashinda. Binafsi naona hoja ya Leonard ilikuwa na uzito. Kilichoipunguzia makali ni mabomba ya gesi asilia, ambayo yaliwafanya wengi waachane na makaa kabisa.

Kampuni ya reli, Pennsylvania Railroad, ilikuwa kisiki. Hapo alisaidiwa na Richard King Mellon, tajiri wa chama pinzani cha Republican ambaye familia yake ilikuwa na hisa katika makaa hayohayo. Ajabu, lakini wawili hao walielewana. Isitoshe, Oktoba 1948 hewa chafu iliua watu 20 katika mji jirani wa Donora, na waliokuwa wakibisha wakapungukiwa maneno.

Lawrence alichaguliwa mara nne, kisha mwaka 1959 akawa gavana, Mkatoliki wa kwanza kushika kiti hicho Pennsylvania. Alifariki Novemba 1966, zaidi ya wiki mbili baada ya kuanguka kwenye mkutano wa kampeni.

Lakini nguvu ileile iliyofukuza moshi ilifukuza na watu. Kuanzia 1956 mtaa wa Lower Hill ulibomolewa, na wakazi wapatao 8,000, wengi wao Wamarekani weusi, wakahamishwa kupisha ukumbi wa Civic Arena. Ukumbi huo nao ulibomolewa, kazi ikaisha 2012, na kwa miaka iliyofuata sehemu kubwa ya eneo lile ilikuwa maegesho ya magari.