Je, wajua? Kulungu aliyeliwa na mbwa mwitu si lazima awe amepungua

Msimu wa kuwinda ukifika kule Marekani, hasa majimbo ya kaskazini kama Wisconsin, Minnesota na Michigan, malalamiko huwa ni yale yale. Mtu amekaa porini na bunduki siku tisa nzima, hajaona hata mkia, na mshtakiwa anajulikana hata kabla ya kesi kuanza: mbwa mwitu, yule wa kule anayeitwa wolf kwa Kiingereza. Kusini zaidi ambako mbwa mwitu hawapo wanamlaumu koyote, ndugu yake mdogo wa jamii ya mbwa. Sasa je, ni kweli hawa wala nyama ndio wanaowamalizia wawindaji kulungu wao?

Mimi jibu nilikuwa nalo zamani, tena kwa kujiamini kweli kweli, na lilikuwa bovu. Nilipiga hesabu ya darasa la tatu. Mbwa mwitu mmoja wa kule anakadiriwa kula kulungu kama 15 mpaka 20 kwa mwaka, Wisconsin wapo mbwa mwitu 1,000 hivi, zidisha, unapata karibu 20,000, basi nikaona wawindaji wameibiwa kulungu 20,000 na hakuna cha kujadili. Kumbe nimekosea mara mbili ndani ya sentensi moja.

Kosa la kwanza dogo. Jimbo hilo lina kulungu wa mkia mweupe zaidi ya milioni moja na nusu, na wawindaji wenyewe huua kama 300,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata hesabu yangu ingekuwa sawa, mbwa mwitu bado ni mlaji mdogo mezani. Ila hapa wastani unaficha kitu, manake mbwa mwitu wamejazana misitu ya kaskazini na ya katikati wakati kulungu wengi wananenepea mashambani kusini, na mtu anayewinda kaskazini hawindi wastani.

Kosa la pili ndilo lenye uhondo. Nilichukulia kwamba kila kulungu aliyeliwa angekuwa bado yupo hai anamsubiri mwindaji. Hebu fikiria basi la abiria lenye viti 40, hairuhusiwi kusimama, na kituoni kuna watu 60. Akaja mtu akawatoa 10 kwenye foleni. Basi litaondoka na watu wangapi? 40 vile vile. Wale 10 wametoka kweli, yaani hakuna anayebisha kwamba wametolewa, ila ndani ya basi hakuna kiti kilichobaki wazi kwa sababu yao. Viti ni chakula cha mwisho wa baridi, ile Februari na Machi ambapo theluji imefunika kila kitu na kulungu anatafuna vijiti huku anachoma mafuta ya mwilini aliyojiwekea toka vuli. Viti vikiwa vichache, kuna kulungu ambao hawatafika masika hata mbwa mwitu wote wakihama. Paul Errington, aliyetumia miaka mingi kuchunguza panya wa majini kwenye mabwawa ya Iowa, aliwaona wanyama wa namna hii kama ziada ambayo hukumu yake imeshatoka, kilichobaki ni nani atakayeitekeleza.

Na basi lenyewe lina tabia nyingine ya ajabu. Jike aliyeshiba huzaa mapacha, aliyekondeana kwa kubanana huzaa mmoja, au hazai, au anazaa kitoto dhaifu kisichomaliza wiki. Kwa hiyo foleni ikipungua wanaobaki wanakula vizuri na foleni inajijaza upya. Ndio maana unaweza kuhesabu mizoga mingi porini na idadi ya mwaka ujao ikawa ile ile.

Sasa usikimbie na hilo ukasema wala nyama hawana madhara kabisa, maana hilo ni kosa langu lile lile limegeuzwa nje ndani. Rudi kwenye basi: viti 40, kituoni wapo 30 tu. Hapo kila anayetolewa anaacha kiti kitupu. Hali hii inatokea pale kulungu ni wachache kuliko chakula kilichopo, au wamechapwa na baridi kali, au wanawindwa sana na binadamu. South Carolina ni mfano mzuri, kule koyote ni wageni, wamefika miongo michache tu iliyopita. Watafiti waliwafuatilia watoto wa kulungu kwenye eneo la Savannah River Site kati ya 2006 na 2009, wakakuta ni karibu robo tu waliofikisha wiki 16, na waliokufa wengi walikuwa wameuawa na koyote. Idadi hiyo si ya kuchezea. Ukiwa mwindaji wa hapo una haki ya kumtazama koyote kwa jicho baya.

Dawa yake sasa ndiyo haieleweki. Walitega na kuua koyote wengi eneo hilo hilo miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza watoto waliopona waliongezeka vizuri, wa pili wakaanguka tena kama vile hakuna kilichofanyika, wa tatu wakapanda. Koyote nao wana foleni yao, ukitoa mmoja kuna kijana anatafuta eneo na anaingia. Idaho walijaribu kuwapunguza koyote na puma toka 1997 mpaka 2003 kwa ajili ya kulungu wa aina nyingine, wale wa masikio makubwa, na kuwatoa koyote hakukuongeza idadi ya kulungu kwa maana yoyote, hali ya hewa ilikuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza kama kuua koyote kutakurudishia kulungu, nitakwambia inategemea wapi na mwaka gani, jibu ambalo najua linaudhi.

Kuhusu baridi hata sihitaji maneno mengi. Ile ya 2013 kuingia 2014 iliwapiga kulungu wa kaskazini mwa Wisconsin vibaya, na msimu uliofuata kaunti nyingi za huko waliruhusiwa kuwinda madume tu ili majike yapone. Ongeza misitu inayozeeka, maana kulungu anataka machipukizi ya chini na si miti mirefu iliyofunga anga, unapata sababu mbili kubwa ambazo hakuna anayezipiga picha na kuzituma kwenye grupu. Mzoga uliotafunwa unapigika picha, njaa haipigiki.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: kulungu kupungua na kulungu kuonekana ni mambo mawili tofauti. Kulungu anayejua anawindwa, iwe na mbwa mwitu au na mtu mwenye jaketi la rangi ya chungwa, anahamia usiku, anaingia vichakani, anaacha njia aliyozoea. Mwindaji anayesema hajaona kitu hadanganyi, ila kutokuona kwake si sensa. Utafiti wa Wisconsin uliotoka 2021 ulikuta kaunti ambazo mbwa mwitu walirudi, ajali za magari kugonga kulungu zilishuka kwa asilimia 24 hivi, na sehemu kubwa ya kushuka huko haikutokana na kulungu kuliwa. Mbwa mwitu hupenda kutembea kwenye barabara na njia zilizo wazi, na kulungu wakaamua tu kukaa mbali nazo.