Kutumia tena umbo la mpaka wa shamba katika ramani za mtandaoni

Umbo la mpaka, au poligoni kama wapimaji wanavyoliita, ni orodha ya kona za kiwanja zinazofuatana hadi mstari unarudi ulikoanzia. Kulitumia tena ni kuchukua orodha hiyohiyo, yenye viwianishi (namba za mahali pa kila kona) vilevile, na kuipa kazi nyingine bila kuchora upya juu ya picha ya setilaiti. Shamba moja la kahawa linaweza kuhitaji ramani ya maombi ya hatimiliki ya kimila, ramani ya mgawanyo wa mirathi, ramani ya mazao, na faili la chama cha ushirika kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya. Mpaka ni mmoja tu. Ukiuchora mara nne, utakuwa na mipaka minne inayobishana.

Itabishana kwa sababu uchoraji wa kubofya haurudiwi sawasawa. Ua wa minyaa una upana wake: leo umebofya upande wa ndani, kesho mwenzako atabofya upande wa nje. Picha ya setilaiti nayo inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali pake. Chukua shamba la ekari 5, lenye upana wa mita 100 na urefu wa mita 202. Mstari ukitoka nje kwa mita 1 tu kila upande, eneo linaongezeka kwa mita za mraba 600 hivi, yaani asilimia 3 ya shamba. Kwenye ramani ya mazao hilo linavumilika. Kwenye mgawanyo wa ndugu, ni chanzo cha kesi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni tofauti kati ya nakala na rejeo, maana programu nyingi huziweka mbali na macho ya mtumiaji. Nakala ni umbo jipya linalofanana na la kwanza siku ile tu. Ukirekebisha kona kwenye la kwanza, nakala haina habari. Rejeo ni pale ramani ya pili isipohifadhi umbo lolote, bali inaliita kutoka kwenye tabaka moja (seti ya maumbo iliyohifadhiwa sehemu moja) kila inapofunguliwa. Katika Google My Maps, kutoa mpaka kama faili la KML (aina ya faili la ramani) na kuuingiza kwenye ramani nyingine hukupa nakala. Katika ArcGIS Online, huduma ya ramani ya mtandaoni, tabaka moja lililohifadhiwa huko linaweza kuwekwa kwenye ramani kumi, na marekebisho yakaonekana kote. Katika QGIS, programu ya bure ya ramani kwenye kompyuta, rejeo hupatikana kwa kuweka mipaka yote kwenye hifadhidata moja, kama faili la GeoPackage, kisha kila mradi ukaielekea hiyo. Rangi, unene wa mstari na maandishi hubaki mali ya kila mradi. Viwianishi ni vya pamoja.

Ushauri wetu: kazi inayoendelea itumie rejeo, na kitu kilichokwisha wasilishwa kiwe nakala yenye tarehe kwenye jina la faili. Ramani uliyoikabidhi ofisini mwezi Machi haipaswi kubadilika mwezi Juni kwa sababu tu mtu amevuta kona moja.

Utajiri wa dhana hii unaonekana zaidi unapofika kwa majirani na warithi, kwani mpaka kati ya mashamba mawili ni mstari mmoja wenye wenyewe wawili. Ukichora shamba la jirani kwa macho, hata ukijitahidi, patabaki nyufa nyembamba mahali pengine na kuingiliana mahali pengine. Huzioni mpaka ukuze ramani, lakini mfumo wa usajili unaokagua mwingiliano utazikataa zote. Dawa yake ni mipangilio mitatu ya QGIS iwashwe pamoja kabla ya kuchora: kunasa, ambako kielekezi huvutwa kwenye kona iliyopo kikifika karibu, tuseme pikseli 10 hadi 15, kufuata mstari, unaowashwa kwa herufi T, ambao hukopa kona zote za mpaka wa jirani kutoka unapobofya mwanzo hadi unapobofya mwisho, na uhariri wa kitopolojia, ambao ukisogeza kona ya pamoja huisogeza kwa mashamba yote mawili.

Kugawa nako kufanywe kwa kukata, si kwa kuchora vipande. Chagua umbo la shamba zima, chukua kifaa cha kukata, anza kubofya nje kidogo ya mpaka, pita ndani, malizia nje upande wa pili. Vipande viwili vitakavyozaliwa vitarithi mpaka wa nje kama ulivyokuwa, na jumla ya maeneo yao italingana na la mama. Kuna kosa moja hapa linalowapita wengi. Mstari wa kukata unapogusa mpaka wa nje, kona mpya inazaliwa hapo kwa vile vipande viwili, lakini jirani wa nje anaweza asiwe nayo. Ukibadilisha mfumo wa viwianishi baadaye, au ukisogeza kona ile, ufa unafunguka. Hakikisha jirani naye amepewa kona hiyo. Uhariri wa kitopolojia hufanya hivyo ukiwa umewashwa kabla ya kukata.

Umbo linaweza pia kuzaa maumbo mengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Kwa shamba linalopakana na mto, tengeneza ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni, kisha ondoa sehemu ya ukanda iliyoangukia ndani ya shamba. Kinachobaki ni eneo la kujenga. Fanya hesabu hiyo kwenye mfumo wa mita, kwa sababu katika mfumo wa digrii namba 60 itasomwa kuwa digrii 60.

Kuhamisha umbo kutoka programu moja kwenda nyingine ndiko kunakoharibu zaidi. Ramani nyingi za upimaji za Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki, ilhali simu na ramani za mtandaoni hutumia WGS 84, mfumo wa GPS. Ukiingiza namba za Arc 1960 huku programu ikidhani ni WGS 84, shamba litahama karibu mita 300 kaskazini au kusini. Ukiona mpaka wenye umbo sahihi kabisa umekaa juu ya mashamba ya watu wengine, anza kushuku hapo. Kusini mwa ikweta, kwa ukanda wa pwani na mashariki, msimbo wa Arc 1960 katika orodha ya EPSG ya mifumo ya viwianishi ni EPSG:21037. Kati ya longitudo 30 na 36 ni 21036. Shapefile, aina ya ramani inayokuja kama mafaili kadhaa, ikitumwa bila faili lake la .prj haisemi ni mfumo upi, kwa hiyo muulize aliyeituma.

Mpangilio wa namba nao hudanganya. Mafaili ya GeoJSON na KML huandika longitudo kwanza, kisha latitudo, kinyume cha watu wanavyozitaja kwa mdomo. Zikipinduliwa, shamba la Morogoro linatua kusini-magharibi mwa Hispania. Tarakimu baada ya nukta zisipunguzwe: sita ni sawa na sentimita 11 hivi, nne ni mita 11. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji misitu, namba 2023/1115, inadai tarakimu zisizopungua sita, na kwa shamba la kahawa linalozidi hekta 4 inataka poligoni badala ya nukta moja.

Eneo lisipimwe kwenye mfumo wa kuonyeshea ramani za mtandaoni, EPSG:3857 (Web Mercator). Kwenye latitudo ya Dar es Salaam hukuza eneo kwa asilimia 2 hivi, na tatizo huongezeka unavyoondoka ikweta.

Kiwango cha usahihi husafiri pamoja na umbo, kwa hiyo kiandikwe ndani yake: limetoka wapi, nani kalipima, lini, kwa kifaa gani. Simu kwenye uwanja wazi hukosea mita 5 hivi. Ramani ya usajili ya Kenya ya kipimo cha 1:2500, yenye mstari wa nusu milimita, inafunika mita 1.25 za ardhi, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaihesabu mipaka ya ramani hiyo kuwa ya kukadiria, isipokuwa imeandikwa kwenye rejista kuwa imethibitishwa. Kulinakili umbo kwa tarakimu nane hakuligeuzi kuwa kipimo cha mpima ardhi. Mpima akileta viwianishi vya mawe ya mpaka, rekebisha umbo la asili, si nakala zake. Na shamba likigawanywa, namba ya mama istaafu: kila kipande kipewe namba yake mpya, na namba ya mama iandikwe kwenye safu ya pembeni ili anayetafuta hati ya zamani ajue vipande vilitoka wapi.