Simba wa Witu hakuwa kibaraka

Kila ninapofundisha historia ya pwani hapa Lamu, nakutana na ule mgawanyo wa vitabu vya shule: upande huu waliompinga mkoloni, upande ule walioshirikiana naye. Wanafunzi wanaukariri kwa ajili ya mtihani, na Witu, usultani mdogo uliokuwa bara karibu na Lamu, inakosa pa kukaa. Katika muda usiotimia miaka kumi, watu wa Witu waliingia chini ya ulinzi wa Wajerumani, wakaua Wajerumani, kisha wakapigana na Waingereza msituni. Nimewasikia watu wazima, tena waliosoma, wakimwita Sultani Ahmed kibaraka aliyeuza nchi. Sikubaliani nao hata kidogo.

Kisa chenyewe hakianzii Ulaya. Ahmed bin Fumo Luti, maarufu kwa jina la Simba, alikuwa Mnabahani, wa ukoo uliotawala kisiwa cha Pate, jirani na Lamu, kwa karne nyingi. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilijiweka chini ya Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Unguja, na tangu hapo Pate na Siyu, mji wa kisiwa hichohicho, zikazidi kubanwa. Siyu, chini ya Bwana Mataka, ilimtoa jasho Sayyid Said, sultani wao. Lakini katika miaka ya 1860, zama za mwanawe Sayyid Majid, visiwa vilishindwa nguvu, na Simba akajiimarisha bara, Witu, kwenye msitu ulio nyuma ya Kipini. Kwa hiyo kabla Mzungu yeyote hajaitia mkono nchi yake, Simba alikwisha kuwa na mtawala wa kigeni wa kumkimbia. Huyo aliketi Unguja, na askari wake walikuwa ndani ya ngome ya Lamu.

Nguvu ya Witu ilikuwa watu, na wengi wao walikuwa watoro. Miaka hiyohiyo mashamba ya Malindi yalikuwa yamefufuka kwa mtama na ufuta, na kazi yote ilifanywa na watumwa. Aliyepata upenyo alitoroka, na baadhi yao walishika njia ya kaskazini hadi Witu. Simba aliwapa ardhi na hifadhi; wao wakawa jeshi lake. Sitaki kuipamba Witu. Ndani yake kulikuwa na watumwa vilevile, na wapiganaji wake waliteka watu wa vijiji vya jirani. Hata hivyo, ukiwa umelikimbia jembe la bwana wako Malindi, pale ndipo ulipoweza kushika bunduki badala ya jembe. Kutoroka huko nakuhesabu kuwa ni upinzani, ijapokuwa vitabu huuweka ukurasa mwingine.

Sasa Wajerumani. Mwaka 1867 msafiri Richard Brenner alipofika Witu, Simba alimtuma awaombee urafiki na ulinzi wa Prussia, dola kubwa ya Wajerumani wakati huo. Hiyo ni miaka 18 kabla ya Ujerumani kuchukua koloni lolote Afrika Mashariki! Ombi halikujibiwa, lakini linaonyesha nani alikuwa na mpango. Simba alijua kwamba Unguja ina rafiki mkubwa, Uingereza, naye akatafuta mkubwa wa kwake. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipokuja na mkataba wao Aprili 1885, walimkuta mtu aliyekuwa akiusubiri. Aliwapa ardhi, na tarehe 27 Mei mwaka huo Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Sayyid Barghash, sultani wa Unguja wakati huo, alikuwa akipeleka askari kuivamia. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na ikambidi arudi nyuma.

Tazama hesabu ya Simba ilivyokwenda. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulimwachia Sultani wa Unguja ukanda wa maili 10 wa pwani hadi Kipini, lakini Witu ikatambuliwa kuwa nchi peke yake, yenye pwani yake. Wajerumani wakafungua posta Lamu mwaka 1888, na jengo lake leo ni makumbusho ndani ya mji wa kale, nenda ukalione. Simba alikufa mapema 1889 akiwa bado sultani katika mji wake mwenyewe. Wanabahani hawakuwa wamepata utulivu kama huo kwa miaka mingi.

Kilichoharibu ni jambo ambalo halikuwa mikononi mwake. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliikabidhi Uingereza haki zake za Witu, na katika mapatano hayohayo ikapata Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, hakuulizwa. Mwezi Septemba, katika hali hiyo ya kusalitiwa, akaja Andreas Küntzel na wenzake kukata mbao. Ugomvi ukazuka, Küntzel akampiga risasi mlinzi wa lango la mji, na watu wa Witu wakawaua Wajerumani hao. Waliolipiza kisasi ni Waingereza: mwisho wa Oktoba 1890 Admirali Fremantle aliongoza mabaharia kutoka pwani, wakaupiga mji kwa mizinga na kuuteketeza. Mabaharia hao walipewa nishani yenye kipande cha chuma kilichochorwa maneno WITU 1890.

Hapa nina uchungu ambao siwezi kuuficha. Inasemekana kwamba nakala asili ya Habari za Pate, tarikhi ya Wanabahani wenyewe, iliteketea katika moto ule. Tulichonacho leo ni matoleo yaliyoandikwa baadaye, mengi yakitokana na kumbukumbu za Bwana Kitini, mzee wa ukoo huo aliyekuwa akiishi Lamu. Matoleo hayo yanapishana kwa majina na kwa miaka ya tawala, na sisi tunaofanya kazi hii tunaumiza vichwa kuyapatanisha. Nikisoma ripoti za vita, zinahesabu nyumba na mizinga. Kitabu hakimo.

Fumo Bakari alikufa mwanzoni mwa 1891. Vita havikufa naye. Fumo Omari, aliyeshika uongozi baadaye, na watoro walijifungia Pumwani na Jongeni, vijiji vilivyozungushiwa maboma ya magogo ndani ya msitu mnene, na Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kutawala ikashindwa nao hadi ikajitoa Julai 1893. Ilibidi mabaharia warudi tena, Julai na Agosti mwaka huo, ili kuzivunja ngome hizo. Mwaka 1895 Waingereza wakamweka sultani waliyemtaka, Omari bin Hamed, na kelele zikaisha.

Wanafunzi huniuliza: je, Waingereza si ndio waliokuja kukomesha utumwa? Nawaambia watazame tarehe. Mwaka 1891 Kampuni ilitangaza kwamba watumwa wa Witu watakuwa huru Mei 1896. Utawala ulipobadilika, ahadi hiyo ikaachwa njiani. Sheria ya kufuta utumwa katika pwani hii yote, Malindi na Lamu zikiwemo, ilikuja 1907, na fidia walilipwa mabwana.