Kikohozi kimekata, namshukuru Mungu. Je, niache dawa za TB?

Maswali haya huulizwa karibu kila siku ya kliniki ya kifua kikuu. Mengine hayaulizwi kabisa: mgonjwa hujijibu mwenyewe akiwa nyumbani, akaacha dawa, na sisi tukamwona tena akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Kifua kikuu ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa bakteria. Huenea kwa hewa pale mgonjwa ambaye hajaanza matibabu anapokohoa au kupiga chafya. Mara nyingi hushika mapafu. Si kurogwa, haurithiwi, na si kila mwenye TB ana virusi vya UKIMWI. Unatibika, na katika vituo vya serikali hapa Tanzania dawa zake hutolewa bure.

Nina mwezi na nusu kwenye dawa. Sikohoi, nakula vizuri, jasho la usiku limeisha. Nimeshatoa sadaka ya shukrani kanisani. Naweza kuacha?

Hapana.

Sadaka umetoa vyema, maana kuna watu walioletwa hapa wamebebwa na leo wanatembea. Hilo ni jambo la kushukuriwa hadharani. Ila ulichokipata ni nafuu, na nafuu si kupona. Matibabu ya kawaida ya TB ya mapafu kwa mtu mzima ni miezi sita. Wewe una mwezi na nusu.

Mbona ni muda mrefu hivyo? Nyumonia hutibiwa siku chache tu.

Kwa sababu ya tabia ya vimelea vyenyewe. Baadhi ya bakteria wa tumboni hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu wa TB huchukua karibu saa 20. Isitoshe, wengine hutulia ndani ya mapafu bila kuzaliana, na dawa huwapata kwa shida wakiwa katika hali hiyo.

Ndiyo maana miezi miwili ya mwanzo unameza vidonge vyenye dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli. Hizo huua kwa haraka wale wengi wanaozaliana, na hapo ndipo kikohozi hukata na hamu ya kula hurudi. Miezi minne inayofuata, ukiwa na rifampisini na isoniazidi, ni kazi ya kuwamaliza waliotulia. Hao hutawasikia wakikuuma, kwa hiyo usisubiri mwili ukuambie kama wapo.

Makohozi yangu ya mwezi wa pili yamepimwa, hayakuonekana na vimelea. Sasa je?

Bado hapana. Majibu hayo ni mazuri sana, wapigie simu nduguzo uwaambie. Yanaonyesha kwamba dawa zinafanya kazi. Hayaonyeshi kwamba zimemaliza kazi. Utapimwa tena mwezi wa tano na mwishoni mwa matibabu, na ni mtoa huduma atakayekuambia siku ya kuacha. Si jirani, si muuza duka la dawa, wala si kioo kinachokuonyesha kwamba mashavu yamerudi.

Ndugu zangu wanasema kuendelea kumeza dawa baada ya kuombewa ni kukosa shukrani.

Waambie kwa heshima kwamba hapo hatukubaliani. Mtu anayeshukuru kwa uhai wake huutunza. Omba, ombewa, soma dua, kisha meza vidonge vyako. Viongozi wa dini ninaowaheshimu zaidi katika kazi hii ni wale wanaomwuliza muumini mbele ya mkewe, "Leo umemeza?"

Ushuhuda wa mwezi wa pili unatuumiza kichwa, kwa sababu anayeusikia akiwa mgonjwa naye huenda nyumbani akaacha. Nakuomba sana, simama utoe ushuhuda wa nafuu, na katika sentensi hiyohiyo useme bado unameza dawa.

Nitashukuru vipi wakati safari yenyewe ni ndefu na nimechoka?

Kuchoka si dhambi. Mwezi wa tatu na wa nne ndio wagonjwa wengi huchoka: ugonjwa hausikiki tena, dawa zipo palepale. Hapo shukrani husaidia kweli, ikiwa ni ya vitu unavyoviona. Kila ukija kliniki unapimwa uzito, kwa hiyo uliza umeongezeka kilo ngapi. Weka alama kwenye kalenda kila unapomeza. Mshukuru kwa jina anayekuamsha alfajiri na kukupikia uji. Wengi humsahau, naye amechoka kama wewe. Shukuru kwa usiku uliolala bila shuka kulowa. Kisha sema na lililobaki: "Bado miezi mitatu."

Nelson Mandela alipatikana na TB mwaka 1988 akiwa mfungwa Afrika Kusini. Ugonjwa uligunduliwa mapema na akatibiwa akapona. Alipotoka mwaka 1990 alikuwa na nguvu za kuongoza nchi.

Ila shukrani isigeuzwe kufuli ya mdomo. Wapo wanaoambiwa nyumbani, "Shukuru Mungu u hai, acha kulalamika," wakakaa kimya na madhara ya dawa. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kawaida, ni rifampisini hiyo. Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo, miguu ikifa ganzi au kuwaka moto, au macho yakianza kuona ukungu, njoo siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki. Na pombe uiweke kando, kwa sababu ini lako tayari lina kazi ya kutosha.

Nikiacha katikati, nini hutokea?

Wale waliobaki huamka. Kikohozi hurudi, unaanza tena kuwaambukiza walio karibu nawe, na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Lililo baya zaidi ni usugu: vimelea vilivyoonja dawa bila kufa vinaweza kugeuka TB sugu, ambayo dawa za kawaida haziigusi. Miaka ya nyuma wagonjwa wa TB sugu walichomwa sindano kwa miezi mingi, na baadhi walipoteza uwezo wa kusikia. Siku hizi kuna dawa bora za kumeza, lakini bado ni matibabu mazito kuliko haya unayotaka kuyakimbia.

Nimepata kazi mgodini, mbali na hapa.

Usiondoke kimyakimya. Njoo uchukue barua ya uhamisho, utaendelea na dawa kituo cha huko. Kuhusu mgodi wenyewe, vumbi la mawe huyaharibu mapafu na huongeza hatari ya TB. Tuzungumze kwanza kabla hujapanda basi.

Nimeshaacha wiki tatu. Naona aibu kurudi.

Rudi leo. Njoo na kadi yako na vidonge vilivyobaki. Usianze kumeza mwenyewe, na usimeze mara mbili kufidia siku ulizokosa. Tutaangalia umefika wapi, tutapima makohozi, ikiwa ni pamoja na kipimo cha usugu pale inapohitajika, kisha tutakuambia unaendelea au unaanza upya. Hakuna atakayekufokea. Anayekaa nawe nyumba moja na amekohoa wiki mbili au zaidi, njoo naye. Watoto walio chini ya miaka mitano walete hata kama hawakohoi, maana wapo wanaostahili dawa za kinga.