Kope zinashuka, kwa nini daktari anataka kipande cha paja?

Kope za macho yote mawili zinalegea kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka mtu ainue kidevu ndipo aone mbele. Baadaye macho yenyewe yanakuwa mazito kugeuka, na akitaka kutazama pembeni anageuza kichwa kizima. Ndivyo unavyokwenda ugonjwa wa kupooza polepole kwa misuli ya macho, ambao madaktari huuita CPEO. Shina lake ni mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli. Ili kuutambua, mara nyingi daktari huomba kukata kipande kidogo cha msuli kikapimwe maabara.

Dhana: Watakata jicho.

Ukweli: Kipande hutolewa upande wa nje wa paja, au begani. Hitilafu ya mitokondria huwa imeenea kwenye misuli mingine hata kama mguu una nguvu zake zote. Tena misuli ya jicho huzeeka mapema, kwa hiyo hata ya mtu mzima asiyeumwa huonyesha kasoro zinazoweza kumchanganya msomaji wa kipimo.

Ganzi hudungwa kwenye ngozi na tabaka lililo chini yake, wala haiingizwi ndani ya msuli, maana dawa huharibu nyuzi zinazotafutwa. Hivyo msuli unapokatwa mgonjwa huhisi mvuto wa ghafla, kama kukazwa na mshipa kwa sekunde chache. Aambiwe mapema. Naye amwambie daktari kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa kawaida mtu mzima hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Dhana: Kipimo cha damu kikiwa safi, ugonjwa haupo.

Ukweli: DNA ya mitokondria ni duara lenye herufi 16,569. Kwa wagonjwa wengi wa CPEO sehemu ya duara hilo imekatika na kupotea. Pengo linaloonekana mara nyingi zaidi ni la herufi 4,977. Seli za damu huzaliwa upya kila siku, na zile zenye DNA pungufu hupotea njiani. Nyuzi za msuli hazigawanyiki, kwa hiyo pengo hubaki humo. Ndiyo maana damu ya mtu mzima inaweza kuwa safi kabisa huku paja lake limejaa ushahidi.

Lakini si kila mtu anahitaji kukatwa. Kama ugonjwa unarithiwa katika ukoo, jeni kama POLG husomwa kwenye damu. Kope zikishuka pamoja na shida ya kumeza kwa mtu mwenye umri mkubwa, jeni ya PABPN1 ipimwe kwanza. Na kope zinazokuwa nzuri asubuhi kisha zikaanguka jioni zinaelekeza kwenye mayastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, ambao una vipimo vyake na dawa zake. Kope iliyoanguka ghafla, hasa pamoja na maumivu ya kichwa, ni dharura: nenda hospitali sasa hivi.

Dhana: Kipande kitiwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, kama vingine.

Ukweli: Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na inauma, kwa sababu mgonjwa amekwisha kukatwa. Fomalini huua vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi za seli, ambavyo ndivyo vinavyopimwa. Kipande kikielea kwenye maji ya chumvi huvimba. Kifungwe kwa shashi yenye unyevu iliyokamuliwa vizuri, kiwekwe ndani ya kichupa kikavu juu ya barafu, na kifike maabara haraka, ikiwezekana ndani ya nusu saa.

Maabara hukigandisha ndani ya kimiminika kiitwacho isopenteni, kilichopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi karibu nyuzijoto 150 au 160 chini ya sifuri. Fundi huangalia chini ya bika, chombo chenye isopenteni hiyo: utando mweupe ukianza kuganda, imekuwa tayari. Kukitumbukiza kipande moja kwa moja kwenye naitrojeni ni kosa, kwa kuwa mvuke hukizunguka kama blanketi, kinaganda polepole, na chembe za barafu zinatoboa nyuzi matundu matundu. Baada ya hapo hutunzwa kwenye friza ya 80 chini ya sifuri.

Dhana: Nyuzi za msuli zilizotiwa rangi zikionekana nyekundu na zilizochakaa kingo chini ya hadubini, jibu limepatikana.

Ukweli: Hutegemea umri. Kwa aliyepita miaka 50, chache huweza kuletwa na uzee tu; kwa kijana, hata chache zinatia shaka. Rangi inayosaidia zaidi ni ile ya vimeng'enya viwili, COX na SDH: uzi wenye afya huwa kahawia, uliopoteza COX hubaki wa buluu. Hata hivyo ni DNA ya kipande hicho hicho inayotaja aina ya hitilafu, kwa hiyo sehemu yake ihifadhiwe kwa kazi hiyo. Pia kasoro hukaa kwa mabaka, na kipande kidogo kinaweza kuyakosa.

Dhana: Ni macho tu.

Ukweli: Ugonjwa ukianza kabla ya miaka 20, pamoja na uharibifu wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hufikiriwa ugonjwa wa Kearns-Sayre, na humo njia za umeme za moyo huweza kuziba ghafla. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kifanywe siku ya kwanza, bila kungoja majibu ya msuli, kisha kirudiwe kila mwaka. Kizuizi kikionekana, mgonjwa huenda akahitaji kifaa cha kuendesha mapigo. Na mwenye hitilafu ya POLG asipewe valproeti, dawa ya kifafa, kwani inaweza kuliharibu ini lake kiasi cha kumuua.