Joto lililomo kwenye mafuta ya makonyo

Ukipita Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, siku makonyo (vikonyo vya karafuu) yanapopikwa, harufu inakupokea kabla hujauona moshi. Kazi yangu ni mitambo ya mvuke, na swali ninaloulizwa sana ni hili: mafuta ya makonyo huchemka karibu nyuzi 250, vipi yatoke kwa maji yanayochemka nyuzi 100? Ni kwa sababu mafuta na maji hayachanganyiki. Kila kimoja kinatoa mvuke wake, na nguvu za mvuke hizo mbili zikijumlishwa zinafikia msukumo wa hewa, na vyote viwili vikachemka, kabla ya nyuzi 100. Mvuke unapanda na mafuta, unapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, vyote vinarudi kuwa kimiminika. Mafuta, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, yanazama chini.

Sasa, lile joto limekwenda wapi? Limehamia kwenye maji ya kupoozea. Yakimwagwa mtoni yakiwa moto, yanaelea juu na kutambaa, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Samaki wa kijito kidogo hawana pa kukimbilia. Yapoe kwanza bwawani. Hilo mimi silijadili.

Kinachonikosesha usingizi ni boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Mvuke mkavu hauonekani. Lile wingu jeupe tunaloliita mvuke ni matone tayari, na huanza mbali kidogo na tundu. Msitafute uvujaji kwa mkono, jamani! Mvuke ukigusa ngozi unageuka maji hapo hapo na kumwaga joto zaidi ya mara tisa ya lile la maji yanayochemka ya uzito huohuo.

Niliwahi kuitwa kwenye mtambo mmoja, nikakuta valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, imefungwa waya.

“Inapiga kelele, mwanangu,” akanambia mzee mpika moto.

“Mzee wangu, hiyo kelele ndiyo kazi yake.”

Nikamweleza. Kwa presha ya bar 7 (bar moja ni karibu sawa na msukumo wa hewa), maji yamo ndani kwa nyuzi 170 bila kuchemka. Boila likipasuka, katika kila lita nane, lita moja hivi inageuka mvuke papo hapo, na lita hiyo inataka nafasi ya lita 1,700. Ukuta wa matofali hauzuii kitu.

Akanyamaza, kisha akaanza mwenyewe kuvuta kuni nje. Tukangoja mpaka mshale ukarudi sifuri, ndipo nikakata waya.