TB kwa wanaolala mitaani Kampala: yanayosemwa na yaliyo kweli

"TB hupitia kikombe na blanketi."
Sivyo. Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu akikohoa au hata akiimba, hutoa chembe ndogo mno zinazoelea kwa saa kadhaa katika chumba kisicho na upepo. Ukimtengea kijana wa Kisenyi, mtaa wa mabanda jijini Kampala, kikombe chake, kisha ukalala naye ndani ya kontena lililofungwa, hujajikinga na chochote.

"Ugonjwa uko barazani wanakolala, wakiondolewa utaisha."
Hapa hata viongozi hukosea. Baraza ya duka inapitisha hewa, na mchana jua huua bakteria. Hatari inakuja mvua inaponyesha na watu ishirini wakajibana kwenye stoo tupu, au msako unapowarundika selo usiku kucha. Isitoshe, aliyekwisha kuanza dawa hupotea hapo hapo. Mwenye bweni la usiku afungue madirisha ya pande mbili zinazotazamana, na asiyazibe kwa magunia baridi ikizidi. Anayekohoa avae barakoa, alale upande ambao upepo unatokea nje, si unakoingilia.

"Kikohozi hicho ni cha vumbi na mafuta wanayonusa."
Huenda, lakini kikifika wiki 2 kipimwe. Mwenye VVU asingoje hata siku hizo. Kohozi litolewe nje, penye uwazi, mbali na wenzake. Asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara 2 au 3, kisha akohoe kutoka kifuani hadi lipatikane kohozi zito la kama kijiko kimoja cha chai. Kosa la kila siku ni kuleta mate matupu, na mgonjwa akaambiwa hana TB kumbe anayo. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi, na huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.

"Asiye na makazi hamalizi dawa."
Humaliza, dawa zikimfuata alipo. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, minne ya dawa mbili. Mtu wa kilo 50 kwa kawaida humeza vidonge 3 mara moja kwa siku, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Kinachomshinda ni vidonge kuloa au kuibwa pamoja na begi, kichefuchefu cha tumbo tupu, na daftari la kliniki linalouliza kijiji na simu. Basi liandikwe anapolala na saa anapopatikana, na vidonge vikae kwa mama wa chapati aliyekubali kumwona akimeza. Aambiwe mapema kwamba mkojo utakuwa rangi ya chungwa, maana wengine hutishika wakaacha. Macho yakiwa ya njano, hilo ni ini: asimamishe dawa na aende kliniki siku hiyo hiyo. Waragi, pombe kali ya Uganda, huongeza hatari hiyo.

Baada ya wiki kadhaa kikohozi hukoma na uzito hurudi. Hapo ndipo wengi huacha, na bakteria waliosalia huzaana upya, pengine wakiwa sugu.

"Tulichanjwa BCG."
BCG, chanjo ya TB, huwakinga hasa watoto wadogo dhidi ya TB kali, kama ile ya utando wa ubongo. Mtu mzima asiitegemee. Hata mtoto wa chini ya miaka 5 anayelala na mgonjwa achunguzwe, na asipokutwa na TB apewe dawa ya kuzuia.